Hesabuni na Mwanga: Barua ya Wazi kwa Wanaochora Nyumba za Bei Nafuu

Kwa: Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, wasanifu majengo na wahandisi wote mnaochora na kuidhinisha nyumba hizo

KUH: MWANGA, UTULIVU NA MAHALI PA KUKAA

Waheshimiwa,

Mimi ni mmoja wa wafanyakazi wanaokatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya ushuru wa nyumba. Sitaki kubishania ushuru huo hapa. Mahakamani, bungeni na vijiweni umebishaniwa vya kutosha. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ipo, kreni zimesimama, na Mei 2025 familia za kwanza zilikabidhiwa funguo kule Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Aliyelala chini ya mabati na kuruka mtaro wa majitaka kila asubuhi hahitaji kuelezwa thamani ya choo cha ndani na mlango wenye kufuli. Hilo nalikubali tangu mwanzo.

Nililo nalo ni suala la hesabu. Kiongozi akizuru mradi hututajia idadi: nyumba zilizokamilika, zinazoendelea, vijana walioajiriwa. Lengo lililotangazwa ni nyumba 200,000 kila mwaka. Bado sijasikia ikitajwa idadi ya nyumba ambazo dirisha la chumba cha kulala linatazama kitu kingine zaidi ya ukuta wa jirani. Sijasikia ni ngapi ambazo mtoto anaweza kucheza nje huku mamake akimwona kutoka jikoni, wala ni ngapi ambazo mtu anaweza kufunga mlango asisikie redio ya wa juu na ugomvi wa wa kando. Mambo haya ndiyo yanayomtuliza mtu au kumvuruga akili siku baada ya siku, na kwa kuwa hayamo katika hesabu, ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Ombi langu kwenu ni moja: yahesabiwe kama saruji na nondo zinavyohesabiwa.

Nairobi tayari inajua yanayotokea yasipohesabiwa. Nendeni Pipeline, Embakasi. Maghorofa ya kule ni ya wenye ploti binafsi, na kila mmoja amejaza kiwanja chake hadi mpakani, ghorofa sita, saba, nane na kuendelea. Wana sababu. Kodi hulipwa kwa chumba, na kila futi inayoachwa wazi ni futi isiyoleta kodi. Basi vyumba vya futi kumi kwa kumi vimepangwa pande mbili za korido, choo na bomba vikiwa vya pamoja, na katikati ya jengo limeachwa tundu refu la kuingizia mwanga. Juani kabisa, saa sita mchana, mpangaji wa ghorofa ya chini huwasha taa ili achague mchele. Maji yakikatika, mtungi wa lita 20 hupanda ngazi kwa nguvu za mkono.

Mwanaanthropolojia Mario Schmidt alifanya utafiti Pipeline na mwaka 2024 akatoa kitabu kuhusu wanaume waliohamia pale kutafuta maisha na presha wanayoibeba. Presha hiyo chanzo chake kikuu ni pesa, sitaki kulificha hilo. Lakini tazameni chumba kinavyoizidisha. Baba aliyekosa kibarua hana pembe ya kukaa bila wanawe kuigundua hali yake, kwa hiyo hutoka asubuhi kama anayekwenda kazini na kurudi usiku. Mama aliyejifungua juzi hulala, hunyonyesha, hupika na kupokea wageni katika eneo lile lile la kitanda kimoja na meza moja. Mwanafunzi wa kidato cha nne hungoja wadogo zake walale ndipo afungue daftari. Mume na mke wakikosana hakuna anayeweza kwenda chumba kingine hasira ipoe, na ploti nzima husikia. Hakuna kati ya hawa aliye mgonjwa wa akili. Wote wanaishi katika jengo lisilowapa nafasi ya kupumua, na anayeishi hivyo miaka kumi hachelewi kuugua.

Msomi mwingine, Profesa Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011 aliyalinganisha maghorofa ya namna hii ya Nairobi na yale ya wafanyakazi wa Berlin katika karne ya 19. Historia ya Berlin ina funzo ambalo kila mwenye kuandika kanuni za ujenzi angepaswa kulibandika ukutani. Kanuni ya polisi ya ujenzi ya mwaka 1853 ilitaka ua wa ndani uwe na angalau mita 5.34 kila upande, kipimo kilichotokana na nafasi ya kugeuzia pampu ya zimamoto. Wajenzi wakaitii sheria barabara: wakaacha mita hizo hizo, wakainua ghorofa tano kuzunguka. Vizazi vya watoto vikakulia kwenye nyua zenye giza, kwa sababu sheria ilipima pampu na haikumpima mtoto. Anayejenga kwa faida hutoa kilichopimwa, hazidishi hata inchi. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi mnaoshika kipimo, wala siwaandikii wenye ploti.

Jiji letu nalo lina historia yake ya vipimo, na ni historia ya ubaguzi. Mkoloni alimhesabu Mwafrika wa Nairobi kuwa mkono wa kazi usio na familia. Mke na watoto wake walitakiwa kubaki kijijani. Alichojengewa, kuanzia landhi (makao ya wafanyakazi) za reli za Muthurwa na kuendelea, kilikuwa nafasi ya kitanda katika chumba cha kuchangia. Wakati huo huo upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji, Mzungu alipimiwa eka nzima ya miti. Jua na kivuli viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Uhuru ulipokuja, mgawanyo ukabaki pale pale. Kilichobadilika ni kwamba sasa unafuata mfuko.

Hata hivyo, ndani ya enzi ile ile kulijengwa mtaa wa Kaloleni, miaka ya 1940. Nyumba zake ni ndogo, na mpango mzima ulikuwa wa kuwatenga Waafrika, kwa hiyo simsifu aliyeupanga. Lakini mlango wa Kaloleni hufunguka kwenye nyasi. Kuna miti, kuna njia za watu kupitia, na kuna ukumbi wa jamii ambao wanasiasa wa kupigania uhuru waliugeuza jukwaa lao. Chumba kilikuwa kidogo, lakini maisha hayakulazimika kuishia chumbani. Mitaa ya aina hii ya Eastlands ndiyo inayolengwa leo kupisha maghorofa mapya. Ibomolewe ikiwa ni lazima, maana mabomba yake yamechoka na watu wameongezeka. Ila kabla ya tingatinga kuingia, mchoraji aende akapime kile ambacho wakazi watakipoteza: hatua ngapi kutoka mlangoni hadi kivulini, na watu wangapi wanaojuana kwa majina.

Mtu atasema haya ni mambo ya hisia. Hapana, yamepimwa. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha majalada ya wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala penye dirisha lililotazama miti, na nusu penye dirisha lililotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache. Wagonjwa hao ni wachache na utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini ulifungua mlango ambao watafiti wengi wamepitia tangu hapo.

Kelele nazo zimepimwa. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichunguza shule ya New York iliyopakana na reli ya juu. Watoto waliosomea madarasa ya upande wa treni walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Baadaye reli ikawekewa mipira ya kupunguza kishindo na madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti. Bronzaft aliporudi kupima, pengo lilikuwa limetoweka. Watoto walikuwa wa mtaa ule ule na mtaala ule ule. Kilichorekebishwa ni reli na dari. Mwenye kujua kelele za matatu, baa na spika za makanisa katika mitaa yetu ataelewa kwa nini ukuta mwembamba ni suala la elimu pia.

Kama mifano ya Marekani iko mbali, Butaro iko karibu. Hospitali hiyo ya wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011 ikiwa na vitanda 140. Wasanifu wa MASS Design Group waliuweka ushoroba nje ya wodi, ili wagonjwa wasisongamane ndani wakiambukizana kifua kikuu. Vitanda vimeegemezwa ukuta mfupi wa katikati ili kila mgonjwa atazame dirisha na vilima vilivyo nje. Kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano ya pale pale, yakachongwa na mafundi wa pale pale, na mshahara ukabaki wilayani. Mkulima maskini wa Burera alipewa mandhari ambayo kwetu huuzwa kwa wenye hoteli. Hiyo ndiyo maana ya usawa katika ujenzi: kuamua kwenye karatasi kwamba kilicho kizuri kitaelekezwa kwa asiye na uwezo wa kukinunua.

Sasa tuje kwenye gharama, kwa kuwa ndilo jibu ambalo nyaraka nyingi za maoni huishia nalo. Mengi ninayoyaomba hayaongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Kuligeuza jengo ili vyumba visichomwe na jua la magharibi ni kazi ya kalamu. Mwambao una kaskazi na kusi. Nyumba ya Mombasa inayopokea pepo hizo haihitaji feni mchana kutwa, ilhali mchoro wa Nairobi ukinakiliwa ulivyo hadi Mombasa au Kisumu utazaa vyumba vya joto ambamo watu hawalali. Kuchora ngazi ipate dirisha badala ya kuifungia gizani, au kuweka benchi la zege mahali ambapo watu watasimama kuongea hata hivyo, ni uamuzi tu.

Mengine yana gharama, nami sitawadanganya. Majengo yakiachiana nafasi ya kutosha, idadi ya nyumba katika kiwanja hupungua. Ukuta unaozuia sauti ni mzito na ghali zaidi. Lifti ina bei ya kuinunua na bei kubwa zaidi ya kuitunza. Lakini gharama isipolipwa na mradi haipotei. Huhamia kwa mwalimu, kwa polisi, kwa mama, na kwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Dharura haiwezi kukabiliwa na wizara moja huku nyingine ikijenga korido zenye giza.

Kuhusu matunzo, someni kisa cha Pruitt-Igoe, mradi wa nyumba za umma wa St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyosifiwa yalipokamilika katika miaka ya 1950, na yakaanza kubomolewa mwaka 1972. Wengi hulaumu mchoro peke yake. Ukweli una pande mbili. Lifti zilisimama kila baada ya ghorofa kadhaa tu na kuwalazimisha watu kupita kwenye ngazi zisizo salama. Hilo ni kosa la mchoro. Lakini pia matunzo yalitegemea kodi za wapangaji waliozidi kuwa maskini, kwa hiyo kilichovunjika kilibaki kimevunjika. Mchoro mzuri usio na mfuko wa matunzo huwa mbaya ndani ya miaka michache.

Swali la usawa ndilo linalonikera zaidi. Ghorofa ya nane bila lifti inayofanya kazi ni kifungo kwa bibi mwenye magoti mabovu na kwa kijana wa kiti cha magurudumu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha na yanayofikika. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa kiasi kinachofaa. Anayekaa ndani miezi mitatu kwa sababu ya ngazi hupoteza rafiki kabla hajapoteza afya. Ngazi isiyo na taa nayo humfanya msichana anayetoka kazini usiku ahesabu kila hatua. Na mama mboga aliyehamishwa kutoka kibanda chake cha mtaani hadi ghorofa ya sita amepewa choo akanyang'anywa riziki.

Tumekwisha kuona onyo. Mwaka 2009 familia kutoka Kibera zilipohamishiwa maghorofa ya muda ya Lang'ata, kaya mbili au tatu ziligawana nyumba moja, kila kaya chumba chake, jiko na choo vikiwa vya kuchangia. Baadhi walipangisha vyumba vyao na kurudi Kibera. Wapo waliosema watu hawa hawana shukrani. Mimi nasema walipiga hesabu ya maisha yao yote, ambayo mchoro haukuwa umeipiga.

Na pale wakazi walipoulizwa, matokeo yalikuwa tofauti. Kando ya mito ya Kibera, shirika la KDI limejenga pamoja na wakazi maeneo ya wazi yenye vyoo, mahali pa kufulia, kumbi na pa watoto kuchezea, na makundi ya wakazi ndiyo yanayoyaendesha. Dandora, mtaa uliopangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulichorwa ukiwa na nyua kati ya nyumba. Nyua hizo zilipogeuka jalala na maficho ya majambazi, vijana wa mtaa walizisafisha, wakazipaka rangi, wakapanda nyasi na kuweka lango. Jambo moja msilisahau: vijana wale walikuwa na cha kufufua kwa sababu mchoraji wa miaka ya 1970 aliacha nafasi. Ambapo hakuna ua, hata bidii ya vijana haina pa kushika.

Wazee wa mwambao walilijua jambo hili. Nyumba ya mawe ya Lamu ilikuwa na daka, ukumbi mdogo wa mbele wenye mabaraza ambapo mgeni alipokewa bila kuingia ndani. Nyuma yake tekani, yaani ukumbi wa ndani, kisha kiwanda, yaani ua wa wazi, kisha msana, yaani sebule, kisha ndani, yaani chumba cha faragha. Mtu alichagua leo atakutana na watu kiasi gani. Nyumba zile zilikuwa za waungwana, na watumwa hawakuwa na uchaguzi huo. Kazi yenu ni kumpa mfanyakazi wa Mukuru kile ambacho zamani kilikuwa cha muungwana peke yake: nafasi ya katikati, kati ya kitanda chake na barabara kuu.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya yawekwe katika masharti ya kila zabuni, si katika hotuba.

Kwanza, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalotazama nje kwenye anga, si korido wala tundu la ndani, na umbali kati ya jengo na jengo uongezeke kadiri majengo yanavyopanda.

Pili, kila mchoro ueleze jua na upepo wa kaunti husika, na mchoro wa kaunti moja usinakiliwe hadi nyingine bila kupimwa upya.

Tatu, kuta na sakafu kati ya familia na familia zipimwe sauti kabla ya jengo kukabidhiwa, kama mabomba yanavyopimwa kwa maji.

Nne, kila ghorofa iwe na mahali pa watu kukaa penye mwanga, na kila kundi la majengo liwe na uwanja wa watoto unaoonekana kutoka madirishani. Uwanja huo uandikwe kwenye hati ya ardhi ili usije ukageuzwa maegesho ya magari.

Tano, nyumba za ghorofa ya chini zitengewe kwanza wazee na watu wenye ulemavu, vibanda vya biashara vichorwe tangu mwanzo, na lifti iwe na mfuko wa matunzo usiotegemea wakazi maskini peke yao.

Sita, wakazi waulizwe kabla ya mchoro kukamilika, kisha waulizwe tena mwaka mmoja baada ya kuhamia: wanalala vipi, wanamjua nani, watoto wanacheza wapi. Majibu yachapishwe, hata yakiwa machungu.

Nafahamu kwamba jengo si daktari. Dirisha halilipi karo na ua hautoi ajira. Mwenye maradhi ya akili anahitaji tiba, na wengi wetu tunahitaji mshahara unaotosha. Lakini ukosefu wa kazi na ukali wa maisha haviko mikononi mwa msanifu. Dirisha liko mikononi mwake. Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zimechukua mahali pa zile za 1968, kwa hiyo hamwezi tena kusingizia sheria kuukuu.

Nyumba mnazozichora mwaka huu zitakaliwa na wajukuu wetu. Mtakapotangaza tena idadi ya nyumba zilizokamilika, tangazeni pia ni ngapi zimetimiza masharti haya sita. Sisi tunaokatwa kila mwezi tuna haki ya kuijua hesabu hiyo, na tutaidai.

Wenu mwaminifu,

Mlipaji Ushuru wa Nyumba,
Nairobi.